Aliharibika, Aliharibiwa au Alijiharibu? Hiari na Kudura katika Uhakiki wa Rosa Mistika

Utangulizi

Katika chama cha Kiswahili cha shule ninayofundisha hapa Machakos, tulisoma riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Riwaya hii haimo katika vitabu teule vya darasa langu. Niliichagua kwa sababu ni fupi, lugha yake ni nyepesi, na masaibu ya mhusika wake mkuu hayako mbali na maisha ya wasichana wetu. Tulipofika mwisho, niliwataka wanafunzi waeleze kwa sentensi moja kilichompata Rosa. Mvulana mmoja alisoma yake: "Rosa aliharibika kwa sababu hayo ndiyo yaliyokuwa mapenzi ya Mungu." Msichana mmoja, ambaye alikuwa amerudi shuleni baada ya kujifungua, akamwuliza: "Aliharibika mwenyewe kama maziwa, ama kuna mtu aliyemharibu?" Darasa likanyamaza.

Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo. Yanadhamiria kuonyesha kwamba suala la hiari ya binadamu na mpango wa Mungu si la wahubiri peke yao. Hujitokeza kila mara mtahiniwa anapoeleza kwa nini mhusika alianguka, na mara nyingi hujitokeza bila yeye kujua, kupitia kitenzi anachokitumia. Kwanza tutaitazama lugha yenyewe, kisha mjadala wa Kikristo kwa ufupi, halafu tuirudie riwaya.

Kauli tatu za kitenzi kimoja

Walimu wa Kiswahili hufundisha mnyambuliko wa vitenzi kila muhula. Hata hivyo, ni nadra tuwaonyeshe wanafunzi kwamba kauli za vitenzi hubeba msimamo. Chukua kitenzi haribu.

Tukisema Rosa aliharibika, tumetumia kauli ya kutendeka. Kauli hii haimtaji mtenda, wala haina nafasi ya kumtaja. Jambo limetokea tu, kama vile kikombe kilivyovunjika au nguo ilivyochafuka. Tukisema Rosa aliharibiwa, tumetumia kauli ya kutendwa, na msikilizaji ana haki ya kuuliza aliharibiwa na nani. Tukisema Rosa alijiharibu, kirejeshi ji kinamfanya Rosa awe mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja. Lawama yote imemwangukia yeye.

Aidha, lugha yetu ina vitenzi vingi vya kutendwa ambavyo mtenda wake anajulikana bila kutajwa: amejaliwa, ameandikiwa, amepangiwa. Hapa mtenda ni Mungu. Neno ajali nalo lina historia yake. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya awali ni muda wa kufa aliowekewa mtu. Leo tunalitumia kwa gari lililopinduka, na wengi wetu tumesahau kwamba tunapoyaita maafa ya barabarani ajali tumekwisha kutoa maelezo ya chanzo chake.

Methali pia zimegawanyika pande mbili. Kwa upande mmoja, jitihada haiondoi kudura, na siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Kwa upande mwingine, mtaka cha mvunguni sharti ainame, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mtahiniwa aliyelelewa ndani ya lugha hii amerithi misimamo yote miwili. Hawezi kulaumiwa kwa kuishika yote, ila anaweza kulaumiwa kwa kuichanganya bila kufikiri.

Mjadala wa Kikristo kwa ufupi

Baadhi ya wanafunzi hudhani kwamba Mkristo wa kweli lazima aamini kila kitu kimepangwa. Historia ya kanisa haikubaliani nao. Mwanzoni mwa karne ya tano, Pelagius alifundisha kwamba binadamu anaweza kuchagua wema kwa nguvu za hiari yake mwenyewe. Augustino, askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria, alimpinga vikali. Alishikilia kwamba hiari ya binadamu ni dhaifu mno bila neema ya Mungu, na kwamba neema hiyo ni zawadi, si mshahara. Mtaguso wa Kathago wa mwaka 418 uliyakataa mafundisho ya Pelagius.

Mjadala ulirudi kwa kishindo wakati wa Matengenezo ya Kanisa. Erasmus aliandika kuitetea hiari mwaka 1524, na Martin Luther akamjibu mwaka 1525 kwamba hiari ya mwenye dhambi ni mtumwa. John Calvin alikwenda mbali zaidi: kwa maoni yake, Mungu aliamua tangu awali ni nani watakaookolewa na ni nani watakaopotea. Wafuasi wa Arminius walipopinga fundisho hilo katika Uholanzi, Sinodi ya Dort ya 1618 hadi 1619 iliwahukumu. Kanisa Katoliki nalo, katika Mtaguso wa Trento uliofanyika kati ya 1545 na 1563, lilishika njia ya katikati: neema ndiyo inayoanza, lakini hiari haikufa, inaweza kushirikiana na neema au kuikataa.

Mikondo hii yote ilifika kwetu. Wamethodisti, ambao kupitia John Wesley walifuata mwelekeo wa Arminius, walianza kazi Ribe, pwani ya Kenya, mwaka 1862. Wapresbiteri wa Uskoti, warithi wa Calvin, walianzia huku huku Ukambani, Kibwezi, mwaka 1891, kabla ya kuhamia Kikuyu mwaka 1898. Peter Cameron Scott wa Africa Inland Mission alifungua kituo chake cha kwanza Nzaui mwaka 1895. Wakatoliki nao wana dayosisi yao ya Machakos. Darasani mwangu, basi, huwa na watoto wa makanisa ambayo wazee wake wa zamani walihukumiana kwa ajili ya swali hili hili. Ni vyema mwalimu akumbuke hivyo kabla ya kumwambia mwanafunzi kwamba imani yake ni ujinga. Na ni vyema mwanafunzi akumbuke hivyo kabla ya kuandika kwamba Ukristo unasema jambo moja tu.

Kuna hoja moja ambayo hutolewa kila mara: kujua si kusababisha. Mwalimu anaweza kujua kwamba mwanafunzi fulani atafeli, na bado si mwalimu aliyemfelisha. Vivyo hivyo, Mungu anaweza kujua mtu atachagua nini bila kumchagulia. Mfano huu una nguvu, lakini una kasoro yake. Mwalimu hakumwumba mwanafunzi, wala hakuuweka ulimwengu anamoishi. Kwa hivyo msichana akiuliza, "Kama Mungu alijua Rosa atajiua, mbona alimwumba?" mwalimu asijifanye ana jibu la mkato. Anachoweza kufanya ni kumrudisha kwenye kitabu na kumwonyesha jinsi mwandishi alivyolishughulikia swali lake.

Rosa katika njia panda

Kezilahabi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, akasoma seminari, na akachapisha Rosa Mistika, riwaya yake ya kwanza, mwaka 1971. Alifariki Januari 2020. Riwaya hiyo iliwahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa sababu ya uwazi wake kuhusu mapenzi. Jina lake ni la Kikatoliki kabisa: ni mojawapo ya majina ya sifa anayoitwa Bikira Maria katika litania, waridi la fumbo. Msichana huyu alipewa jina la usafi kabla hajajua mema na mabaya. Hata hapo tunaweza kuuliza: je, jina lilimpangia mtu maisha, au lilimwekea mzigo?

Mhakiki anayetaka kujua mahali hiari ilipo katika riwaya anapaswa kutafuta njia panda, yaani zile sehemu ambapo mambo yangeweza kwenda vingine. Katika kila njia panda aulize nani aliyekuwa na uwezo wa kuchagua.

Njia panda ya kwanza iko nyumbani. Zakaria, babake Rosa, ni mlevi, na ni mkali kupindukia kuhusu binti yake na wavulana. Anampiga ili amweke katika njia njema. Rosa hapa hachagui chochote. Ya pili iko katika shule ya masista, ambako anaishi ndani ya ulinzi mwingine. Hapo pia wema wake hautokani na uamuzi wake; unatokana na ukuta. Ya tatu iko Morogoro, chuo cha ualimu, ambako kwa mara ya kwanza hakuna fimbo wala ukuta. Hapo Rosa anachagua, na anachagua vibaya, tena mara nyingi. Hatuwezi kusema alilazimishwa katika kila tendo. Lakini hatuwezi pia kusahau kwamba ni mtu aliyepewa hiari nzima siku moja bila kuwahi kuizoea hata kidogo. Ndege aliyefungiwa tangu kuanguliwa, ukimfungulia mlango, hawezi kulaumiwa kwa kuruka ovyo kama yule aliyefunzwa na mamake.

Njia panda ya nne ni Charles. Rosa amerudi, amebadilika, anatamani maisha mapya. Charles anampenda na wanapanga kuoana. Charles anapoyajua maisha yake ya nyuma, anamkataa. Aliyekuwa na uwezo wa kuchagua hapa ni Charles. Rosa anakufa kwa mkono wake mwenyewe.

Tukiyapanga matukio haya kwa lugha ya theolojia, tunapata tafsiri ambayo naiona kuwa ndiyo kiini cha riwaya. Zakaria alimnyima binti yake hiari, na Charles akamnyima neema. Zakaria alitaka kumpangia Rosa maisha kwa fimbo, kana kwamba yeye ndiye Mungu, na ilhali hata ulevi wake mwenyewe ulimshinda kuutawala. Charles naye aliichukua jana ya Rosa akaifanya kuwa kesho yake. Alimhukumu kwamba aliyeanguka hainuki tena. Zakaria na Charles, kila mmoja kwa namna yake, waliamini aina fulani ya kudura: mmoja kwamba wema unaweza kulazimishwa kutoka nje, mwingine kwamba kosa likishatendwa limeandikwa milele. Hakuna kanisa, liwe la Calvin au la Roma, linalofundisha kwamba Mkristo ana mamlaka ya kumfanyia mwenzake hivyo.

Mahakama baada ya kaburi

Kezilahabi hakuimalizia riwaya kaburini. Anawaleta Rosa na Zakaria mbele ya Mungu, mtoto na mzazi wakilaumiana. Wasomaji wengine wameiona sehemu hii kama mzaha au kama kiraka. Mimi naiona kuwa ndiyo ufunguo.

Mahakama ina maana pale tu ambapo mshtakiwa angeweza kutenda vingine. Jiwe lililoporomoka mlimani halishtakiwi. Ikiwa kila kitu kilipangwa, Rosa na Zakaria wangekuwa na utetezi mmoja tu mbele ya kiti hicho: "Wewe ndiye uliyepanga." Badala yake wanalaumiana wao kwa wao. Maana yake ni kwamba, hata baada ya kifo, wote wawili wanaamini kwamba watu hutenda na kwamba matendo ya watu yana matokeo. Na kwa kumleta mzazi mahakamani pamoja na mtoto, mwandishi anakataa pia kauli ya alijiharibu. Kosa la Rosa lina nasaba.

Hapa ndipo mvulana wa darasa langu alipokosea. Kumtaja Mungu si kosa, kwani hata mwandishi amemtaja. Kosa lake ni kwamba alimtaja Mungu ili kuifunga kesi, ilhali Kezilahabi amemtaja ili kuifungua.

Mpangaji ni nani?

Kuna jambo jingine ambalo mtahiniwa lazima alitofautishe. Ndani ya kazi ya fasihi kuna mpangaji ambaye hatuna shaka naye, naye ni mwandishi. Rosa hakuwa na uwezo wa kuikimbia sura ya mwisho. Kezilahabi alikwisha kuiandika. Kwa hivyo mwanafunzi akisema "ilipangwa", amesema kweli kwa namna asiyoikusudia. Swali la uhakiki linalofuata ni: imepangwa kwa mbinu gani, na ili tujifunze nini?

Mbinu ya sadfa ni mfano mzuri. Katika Siku Njema ya Ken Walibora, Kongowea anaondoka Tanga na hatimaye kumpata babake Kitale. Msomaji wa haraka huona majaliwa tu. Lakini bila uamuzi wa Kongowea wa kufunga safari, sadfa yoyote isingemfaa. Mwandishi ameiweka bahati mwishoni mwa njia ambayo mhusika aliitembea kwa miguu yake.

Utabiri nao una funzo lake. S. S. Mushi alitafsiri tamthilia mbili ambazo ni nzuri kwa somo hili: Makbeth ya Shakespeare mwaka 1968 na Mfalme Edipode ya Sofokle mwaka 1971. Katika Mfalme Edipode, mtu anaukimbia utabiri na kukimbia kwake ndiko kunakoutimiza. Hiari yake inatumiwa na kudura kama chombo. Katika Makbeth, wachawi wanamwambia Makbeth kwamba atakuwa mfalme, hawamwambii aue. Banquo yuko papo hapo, naye anaahidiwa kwamba uzao wake utatawala, lakini hashiki kisu. Watu wawili wamesikia utabiri kwa pamoja na wametenda tofauti. Tofauti hiyo ndiyo hiari. Mwalimu akizifundisha tamthilia hizi mbili pamoja, mwanafunzi ataona kwamba utabiri si kitu kimoja, na kwamba mwandishi wa tanzia ya Kiyunani na yule wa Ulaya ya Kikristo hawakuwa na jibu moja.

Kwa nini suala hili si la darasani tu

Mtu anaweza kuniambia kwamba kauli ya kitenzi ni jambo dogo. Sisi wa Machakos tuna sababu ya kutokubali. Usiku mmoja wa Machi 2001, bweni la Shule ya Upili ya Kyanguli lilishika moto na wavulana 67 wakafa. Katika matanga, sisi Wakristo husema ni mapenzi ya Mungu. Maneno hayo huwafariji waliofiwa, na sina haki ya kumnyang'anya mzazi faraja yake. Hata hivyo, moto ule uliwashwa kwa makusudi. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mungu hakuufunga mlango ule. Ikiwa bweni liliungua, kwa kauli ya kutendeka, basi hakuna la kufanya isipokuwa kuomba. Ikiwa liliunguzwa, na ikiwa milango ilifungwa, basi kuna watu wa kuulizwa, na kuna milango mingine, katika shule nyingine, ya kufunguliwa usiku huu.

Ndivyo ilivyo pia kwa wasichana wanaoacha shule kwa sababu ya mimba. Tangu mwaka 1994, sera ya elimu nchini Kenya inamruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni. Anayesema msichana huyo "aliharibika" amekwisha kuifunga sera hiyo mlangoni, kwa maana maziwa yakishaharibika hayarudi kuwa mazuri. Msichana aliyeuliza swali katika chama chetu alilijua hilo kuliko mwalimu wake.

Mapendekezo kwa walimu na watahiniwa

Kwanza, mtahiniwa asitumie mapenzi ya Mungu kama ushahidi. Karatasi ya fasihi inadai ushahidi kutoka kitabuni. Ikiwa mhusika ndiye anayesema kwamba jambo ni mapenzi ya Mungu, basi litajwe kama sifa ya mhusika huyo: ana imani, au anakwepa lawama, au vyote viwili. Lisitajwe kama maelezo ya mhakiki.

Pili, atenganishe mazingira na uamuzi. Aoneshe kwanza yale ambayo mhusika hakuyachagua: wazazi, umaskini, jinsia, sheria za jamii. Kisha aoneshe yale aliyoyachagua ndani ya mipaka hiyo. Jibu linalotaja upande mmoja tu ni nusu ya jibu.

Tatu, aandike kitenzi kwa uangalifu. Kila anapoandika kauli ya kutendeka kuhusu mwanadamu, ajiulize kama amemficha mtu.

Nne, mwalimu anayefundisha kazi yenye kisa cha kujiua asiharakishe. Azungumze na darasa kwa upole, na ampe taarifa mapema mwalimu wa ushauri nasaha. Huwezi kujua ni nani aliyeketi mbele yako akiwa na mzigo kama wa Rosa.

Hitimisho

Je, Rosa aliharibika, aliharibiwa au alijiharibu? Jibu langu ni kwamba aliharibiwa kwanza, akajiharibu baadaye, na aliponyimwa nafasi ya kutengenezwa ndipo wakasema ameharibika. Mtahiniwa anaweza kupingana nami, mradi aonyeshe ukurasa. Kuhusu Mungu, sidhani fasihi inaweza kutuambia alichopanga. Inaweza tu kutuzuia tusimsingizie yale tuliyoyapanga wenyewe.

Maswali ya marudio

1. "Zakaria anapaswa kulaumiwa kuliko Rosa." Jadili kwa kurejelea Rosa Mistika.
2. Eleza tofauti ya kimaana iliyopo kati ya aliharibika, aliharibiwa na alijiharibu, kisha utumie kila neno kumhakiki mhusika mmoja wa riwaya uliyoisoma.
3. Chagua kisa kimoja cha sadfa katika kitabu teule. Onyesha mchango wa uamuzi wa mhusika katika kisa hicho.
4. Linganisha nafasi ya utabiri katika Makbeth na Mfalme Edipode.